Asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu tumetimiza, ila miaka mitatu wapo palepale. Naombeni ushauri

Binti_Chikongola

Habari za jioni wakuu, naombeni mnisikilize kidogo maana hili jambo limenikaa moyoni wiki ya tatu sasa.

Nipo Mtwara mjini, nafanya kazi upande wa utumishi kwenye kiwanda cha kubangua korosho, jina naomba nisilitaje. Tupo wafanyakazi mia na ishirini hivi, msimu ukichanganya tunaongezeka. Kati ya hao wanne wana ulemavu. Kuna dada kiziwi yupo meza ya kupanga madaraja, kuna kijana mwenye ualbino yupo uwanja wa kuanika, kuna mama anatumia kiti mwendo yupo kwenye kumenya, na kuna kaka alikatwa mguu kwa ajali ya bodaboda kabla hajaja kwetu, huyo ni mlinzi wa getini. Wakija wakaguzi bosi anawaonyesha kwenye makaratasi kwamba ile asilimia tatu ya wenye ulemavu inayotakiwa na sheria tumetimiza, na ni kweli tumetimiza, hata mimi nilikuwa najivunia.

Sasa mwezi uliopita ikatokea nafasi ya kiongozi wa meza ya madaraja. Yule dada kiziwi ana miaka mitatu pale, na jicho lake kwenye korosho we acha tu, W240 na W320 (madaraja ya ukubwa wa korosho) anazitenganisha kwa kutazama wakati wenzake bado wanageuzageuza mkononi, mzigo wake haurudishwi. Supavaiza akaleta jina la binti mwingine mwenye miezi saba kazini, na aliyemfundisha huyo binti ni huyohuyo dada. Nikauliza kwa nini, nikajibiwa tusimtwishe mzigo jamani, ataongeaje na watu, tumhurumie apumzike. Nikasaini.

Juzi yule dada kaniletea barua ya kuacha kazi. Imeandikwa na mpwa wake yupo form two, mistari minne tu, anasema anashukuru kwa kazi ila amechoka kufundisha watu halafu anawaona wanapita. Sijaipeleka kwa bosi, nimeifungia kwenye droo.

Nimekaa nikajiuliza hawa wanne tumewafanyia nini tangu waingie zaidi ya mshahara, sioni. Semina ya usalama mwaka jana hakuna hata mmoja aliyekwenda, sababu niliyoandika mimi mwenyewe kwenye fomu ni "kuepusha usumbufu". Nataka nijue wenzangu mnafanyaje ili mtu wa namna hii awe na afya njema kazini na pia apande kama wengine. Bosi si mtu mbaya ila bajeti atanipa ndogo sana, kwa hiyo mkinishauri mnishauri vitu vya kufanyika kweli. Ahsanteni.

---

Mkalimani_Masasi

Dada pole na hongera kwa kuandika hivi bila kujificha. Mimi nipo Masasi, mdogo wangu wa kike ni kiziwi na kazi ya kutafsiri lugha ya alama nimeianzia nyumbani kabla haijawa kazi, kwa hiyo naongea juu ya huyo dada, hao wengine wapo watakaowasemea vizuri kuliko mimi.

Kwanza nikuulize, pale kiwandani wanamwitaje? Maana umeandika kiziwi na umeandika vizuri, lakini najua huko kwenye meza neno linalotumika ni "bubu", na kama ndivyo anzia hapo hapo kesho asubuhi kwa sababu hakuna mtu anayempa uongozi mtu anayemwita bubu. Ana jina lake. Na viziwi wana jina la alama ambalo wanapeana wenyewe, linatokana na kitu chako, kovu, dimpozi, namna unavyocheka. Muulize lake ni lipi, halafu muombe na wewe akupe. Utaona uso wake.

Pili hiyo barua. Mpwa wa form two kuandika barua ya shangazi yake ya kuacha kazi, inamaanisha miaka mitatu hamjawahi kuwa na kikao naye cha maana. Watu wengi wanafikiri kiziwi ukimwandikia kwenye karatasi basi kazi imeisha. Si wote. Wengi wa kwetu huku walianza shule wakubwa au walisoma darasa lisilo na mwalimu anayejua alama, Kiswahili cha kusoma kwao ni lugha ya pili na kigumu kweli, mdogo wangu anasoma tangazo anaelewa nusu halafu anakuitikia kwa kichwa kwa sababu amechoka kuuliza. Kwa hiyo kikao cha kuzungumzia hiyo barua tafuta mkalimani, mtu mzima asiye ndugu yake. Mambo ya kazi ya mtu ni siri yake, mtoto hatakiwi kuwa katikati, na kuna mambo huyo dada hatayasema mbele ya mpwa wake.

Tatu kuhusu "ataongeaje na watu". Hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu umesema mwenyewe amemfundisha huyo binti kazi mpaka amejua! Sasa alimfundishaje kama hawezi kuongea na watu? Meza ya madaraja ina maneno mangapi dada yangu, nzima, iliyovunjika, iliyoungua, ina doa, kilo ngapi, boksi limejaa, rudia, ngoja, hatari. Alama hamsini sitini zinatosha watu wa meza ile kufanya kazi zamu nzima, na wa kuwafundisha mnaye tayari, nusu saa kila Ijumaa kabla ya kufunga, na mumlipe kwa hiyo nusu saa kwa sababu ni kazi. Chama cha Viziwi, CHAVITA, ukiwatafuta watakuelekeza kwenye mkalimani wa karibu.

Vingine vidogo: ukiongea naye simama mbele yake mwanga ukupige wewe usoni, usisimame dirishani ukawa kivuli. Kengele ya hatari wekeni na taa ya kuwakawaka, si yeye tu, kwenye mashine zile hata anayesikia hasikii. Na matangazo ya ghafla ya supavaiza anayopayuka katikati ya kelele awe anamgusa bega na kumwonyesha, maana mara nyingi kiziwi anaambiwa "hafuati maelekezo" kumbe maelekezo hayajawahi kumfikia.

---

Mwajuma_Lindi

Mimi natumia kiti mwendo, ni karani, nipo Lindi mjini mwaka wa tisa sasa kazini. Nitaongea kama mwanamke kwa huyo mama wa kumenya na naomba wanaume mnisamehe, nitasema wazi.

Dada Binti, nenda kamwangalie huyo mama anakunywa maji saa ngapi.

Mimi kwenye ofisi yangu ya kwanza nilikuwa nakunywa kikombe cha chai saa kumi na moja alfajiri basi mpaka saa kumi jioni nisiweke kitu mdomoni, kwa joto hili la pwani unalolijua. Si kwamba nilikuwa nafunga, choo kilikuwa na ngazi mbili na mlango kiti hakipiti. Nilikuwa naogopa kuomba mtu anibebe kila siku. Nikaugua UTI zisizoisha, mara homa, mara mgongo, na pale kazini nikaandikwa kwamba naumwaumwa sana. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Nilipohamia ninapofanya kazi sasa hivi mkuu wangu siku ya kwanza akaniambia "twende unionyeshe wapi hapapitiki", tukazunguka jengo zima mimi nasema yeye anaandika, ndani ya wiki mbili fundi alikuwa ameshamaliza. Kuumwaumwa kwangu kukaisha. Kwa hiyo mkisema afya ya mfanyakazi msianze na vipimo wala semina, anzeni na choo.

Vipimo vya choo nakupa: mlango uwe na sentimita 80 kwenda 90 za kupita, na uwe unafungukia nje maana ukifungukia ndani ukishaingia na kiti huwezi kuufunga. Vyuma viwili vya kushikilia ukutani pembeni ya choo, mabomba ya kawaida tu yale fundi anachomelea. Rampu isiwe mlima, kila sentimita moja ya kwenda juu unahitaji sentimita 12 za urefu, yaani kizingiti cha sentimita 15 kinataka rampu ya karibu mita mbili. Mafundi wetu wanapenda kumwaga kisimiti kifupi kama cha kupandishia pikipiki, hapo umemtengenezea mtu mahali pa kuangukia.

Na kwenye kumenya wanakaa masaa mengi sana. Anayekaa kwenye kiti mwendo akikaa bila kujiinua anapata vidonda vya kukaa, na kama hana hisia sehemu hizo hasikii kidonda kinaanza, anakuja kushtuka kimeshaingia ndani, na vile vidonda vinaua watu kabisa. Inatakiwa kila nusu saa ajinyanyue kidogo kwa mikono au ajiegemeze pembeni. Sasa kama mnalipa kwa kilo, huyo mama hatajinyanyua, atapambana na kilo. Ongea naye hilo. Na meza yenu ina urefu gani, magoti yanaingia chini au anajipinda kiuno siku nzima? Godoro la kiti je, au amekalia ubao na khanga?

Halafu nikuulize jambo, nani alimpeleka kwenye kumenya? Aliomba, au alipofika mlangoni mkasema huyu si amekaa tu, apelekwe wanakokaa?

---

Karakana_Kwetu

Nawasalimu wote. Mimi nina karakana ndogo ya mbao hapa Nachingwea, vijana wanane, nataka nitoe mawazo tofauti na sitaki mnione mbaya.

Haya mambo ni mazuri lakini kiwanda si ustawi wa jamii. Nyinyi mna watu mia na ishirini sawa, ila nikisoma hapa naona mkalimani, choo kipya, taa za kengele, mara muda wa kupumzika, mwisho wa siku mwenye mali anatoa hela mfukoni na bei ya korosho hapangi yeye. Mimi nilimchukua kijana mmoja ana mkono mmoja, nikamhurumia, nikampa kufagia maranda. Miezi minne kaondoka bila kuaga. Nilisikitika sana kwa kweli maana nilimpa nafasi. Sasa nani alikosea hapo?

---

Mwajuma_Lindi

@Karakana_Kwetu kaka nakujibu kwa heshima na nakushukuru umesema ulichonacho moyoni, wengi wanacho ila hawasemi.

Huyo kijana alikuja kwako kujifunza useremala. Ulimpa ufagio. Ulimuuliza hata mara moja anaweza kufanya nini kwa mkono mmoja? Kupiga msasa, kupaka vanishi, kupokea wateja, kupima, kushikiza mbao kwenye klampu akakata? Mimi namjua mtu huku kwetu anapiga randa kwa mkono mmoja, mbao ameibana kwenye meza, na vitanda vyake watu wanaviwekea oda. Hayo hayakugharimu hela, klampu unayo tayari. Ulimpa huruma yako na kweli ilikuwa ya dhati, ila mtu hawezi kukaa miaka mahali anapohurumiwa tu.

Na kuhusu gharama, hebu rudi juu usome. Kuita mtu jina lake bure. Kusimama mwanga ukupige usoni bure. Kumuuliza mama anapitaje chooni bure. Choo ndicho kina hela, na hicho kitatumika na mjamzito na mzee na atakayeteguka mguu mwezi ujao. Mfanyakazi aliyejifunza kazi miaka mitatu akiondoka, mwenye mali analipa kumfundisha mwingine kuanzia sifuri, hiyo nayo ni hela.

---

Kaka_wa_Newala

Nimesoma "kijana mwenye ualbino yupo uwanja wa kuanika" nikarudia mara mbili nikidhani nimekosea.

Dada, mtoe huyo kijana juani. Mengine yote yatafuata, ila hilo usingoje kikao wala bajeti, ni la kesho. Mimi nina ualbino. Nilifanya kazi ghalani misimu miwili, jina la mahali naliacha, nikawa napokea magunia nje kuanzia saa tatu asubuhi. Ngozi yetu haina ile rangi inayomlinda mtu, jua la saa nne mpaka saa kumi linapika. Nilipata kidonda sikioni hakiponi miezi mitano, nikapaka dawa za duka la dawa, nikapaka mpaka mafuta ya nazi, mwisho shemeji yangu akanivuta kwa nguvu mpaka hospitali wakakikata wakapeleka kupima. Ikakutwa ni kansa ya ngozi, ila mwanzoni, nikapona. Wenzetu wengi wanaondoka wadogo kwa hiyo kitu, na ni kitu kinachozuilika kabisa.

Kofia yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote, kapelo haitoshi inaacha masikio na shingo. Shati la mikono mirefu kitambaa kilichoshikana. Losheni ya kukinga jua apake kabla ya kutoka na arudie, hapa nchini kuna inayotengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC mahsusi kwa ajili yetu inaitwa Kilisun, mwambie aulize chama chetu, TAS, watamwelekeza inavyopatikana. Na ruhusa ya kwenda kukaguliwa ngozi kila baada ya miezi michache bila kukatwa siku.

Lakini sasa sikiliza na sehemu ya pili maana ndiyo iliyonifanya niandike. Mimi walinitoa juani. Bosi alikuwa mtu mwema, aliposikia habari ya kidonda akasema huyu akae ndani. Nikawekwa stoo. Stoo hakuna kazi! Nakaa kwenye kiti nafungua mlango nafunga mlango, mwaka mzima. Wenzangu wanajifunza mizani, wanajifunza kompyuta ya kuingizia mzigo, mimi nipo kivulini nalinda kufuli. Nilinenepa na huzuni. Unajua mtu akikutunza namna hiyo unashindwa hata kulalamika kwa sababu utaonekana huna shukrani.

Siku moja karani wa mizani aliumwa nikaomba nishike mimi, wakasita kwa sababu macho yangu hayaoni mbali, na kweli wengi wetu macho yana shida, yanachezacheza na mwanga unatuumiza. Namba za mizani nilikuwa sizioni kutoka pale karani anapokaa. Nikasogeza kiti. Ndiyo hivyo tu, nikasogeza kiti mpaka karibu na kioo, nikaona. Baadaye kwenye kompyuta nikakuza maandishi. Sasa hivi mimi ndiye ninayefunga hesabu za mzigo za siku. Kwa hiyo mkimtoa huyo kijana uwanjani tafadhali msimpeleke kukaa, mpelekeni kujifunza kitu.

---

Wakili_Mdogo

Naongezea upande wa sheria kwa ufupi kwa sababu naona dada unafikiri ukishafika asilimia tatu umemaliza.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ndiyo inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Neno ni angalau. Na inasema pia mfanyakazi akipata ulemavu akiwa kazini mwajiri aendelee naye, si kumpa mkono wa kwaheri.

Ila kwa suala la huyo dada kiziwi kasome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7. Ulemavu upo kwenye orodha ya sababu ambazo huruhusiwi kumbagua mtu, na ubaguzi unaozungumzwa pale hauishii kwenye kuajiri, unaingia kazi unayompangia, mazingira, mafunzo, tathmini na kupandishwa cheo. Kumnyima mtu cheo kwa sababu "tumhurumie" ni kumnyima tu. Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri aandikishe kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kuleta fursa sawa na kuondoa ubaguzi, muulize bosi wako kama upo. Huyo dada akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ana siku 60 kwa mgogoro wa ubaguzi, na kama ataacha kazi halafu aseme mazingira ndiyo yaliyomlazimisha kuacha, hapo ni siku 30 na linaweza kuhesabika kama kuachishwa isivyo haki. Sikutishi. Nakuonyesha tu kwamba barua uliyoifungia kwenye droo ina uzito.

Na kwa watakaoumia hapohapo kiwandani, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hautoi matibabu na fidia peke yake, kuna fao la utengamao pia, yaani kiungo bandia na mafunzo ya kumrudisha mtu kazini. Waajiri wengi wanaishia kwenye fidia.

Swali langu: mlinzi mbona humzungumzii? Watatu wameshasemewa hapa, yeye umempa sentensi moja tu.

---

Binti_Chikongola

Wakuu nimerudi, samahani nimekaa kimya siku kumi na mbili, sikutaka kurudi na maneno matupu.

Kaka wa Newala, kijana alitoka uwanjani siku ileile ya pili. Alikuwa na doa shavuni hata hakulijali, amekwenda hospitali, wamesema siyo baya bado ila amepewa tarehe ya kurudi. Nilimuuliza angependa kujifunza nini, akanyamaza muda mrefu, akasema hajawahi kuulizwa hivyo. Ameanza kwenye kumbukumbu za oveni, joto na muda, nimemkuzia fomu zikawa karatasi kubwa. Sijui kama ndipo patakapomfaa, tumekubaliana mwezi halafu anisemee yeye.

Dada Mwajuma, nilikwenda kwa yule mama nikamuuliza habari ya maji. Alicheka kwanza. Halafu akasema huwa anajizuia mpaka afike nyumbani Magomeni. Miaka miwili na nusu! Na anapita mbele ya ofisi yangu kila siku. Nikafanya kama mkuu wako, nikamwambia twende unionyeshe, tukazunguka, kumbe hata chumba cha kulia chakula hajawahi kuingia kwa sababu ya kizingiti, alikuwa anakula chakula chake palepale kwenye vumbi la maganda na nilidhani ni mpenda upweke. Bosi nilimpeleka kwa miguu, sikumwandikia, nikamsimamisha kwenye mlango wa choo nikamwambia apime mwenyewe. Ametoa hela ya mlango, vyuma na rampu mbili. Kumenya hakuomba, ulipatia. Alikuwa na cherehani zamani, anataka kushona mifuko na maepron ya wafanyakazi ambayo tunanunua nje. Hilo bado tunaliongea maana malipo yake lazima yapangwe vizuri asije akapata pungufu ya anachopata kwenye kilo.

Wakili umeniumbua kwa mlinzi na nakushukuru. Nilikuwa namwona yupo sawa kwa sababu halalamiki. Nikaenda kukaa naye getini jioni. Mguu wa bandia ulikuwa wa zamani, amepungua mwili, unacheza na kumchubua, na kwa jasho la huku kigutu kinalowa anashindwa kuuvua kuukausha kwa sababu watu wanapita. Sasa ana kijichumba chenye pazia, na tumepanga aende Dar kurekebishiwa, siku zake zitahesabiwa kazini. Lakini lililonimaliza ni hili, huyu kaka ni fundi umeme. Ana cheti cha ufundi cha VETA. Kilikuwa kwenye faili lake, ndani ya ofisi yangu, ukurasa wa tatu. Tulipomwona mguu tukampa kiti cha getini, na kila oveni ikiharibika tunaita fundi kutoka mjini anatutoza hela ndefu huku fundi amekaa anatufungulia geti.

Kwa dada wa madaraja sijafanikiwa bado. Supavaiza tumezozana, anasema mimi ninamvunjia mamlaka. Binti aliyepewa nafasi alikuja mwenyewe ofisini akasema yupo tayari waongoze wawili, analia, anasema hata yeye hakulala vizuri. Bosi amekubali cheo kiwe na watu wawili mpaka mwisho wa msimu halafu waangalie, mshahara sawa, na mimi nimeomba iandikwe. Ila yeye mwenyewe dada sijazungumza naye ipasavyo, nilijaribu kwa karatasi nikaona anaitikia kwa kichwa, nikakumbuka maneno ya kaka wa Masasi nikaacha. Jina lake la alama amenipa lakini. Ni kidole kinagusa chini ya jicho.

Kaka wa Masasi, unaweza kufika Jumamosi hii? Nauli na malipo yako yamepitishwa, nimekutumia ujumbe pembeni. Barua bado ipo kwenye droo.

---

Karakana_Kwetu

Nimesoma hadi mwisho. Yule kijana wangu nimepata namba ya kaka yake. Nimepiga hajapokea, nitapiga tena kesho.

---

Mkalimani_Masasi

Nitafika Jumamosi na basi la asubuhi, saa nne nitakuwa hapo. Mambo mawili kabla sijaja: mpe taarifa leo kwamba mkalimani anakuja na jina langu mwambie, ana haki ya kunikataa kama ananifahamu na hataki. Na hiyo barua usiishike wewe wakati wa kikao, iweke mezani upande wake.